Kupanda Ngong Kutafuta Kasha Lililofichwa: Mwongozo wa Anayeanza

Kila nikishuka vilima vya Ngong, nje ya Nairobi, na tope hadi magotini, hakosi mtu wa kuniuliza nilikwenda kutafuta nini kule juu. Nikimjibu kwamba nilifuata kikopo cha plastiki chenye kijidaftari ndani, atacheka. Siku mbili baadaye ananipigia akitaka kujua yeye ataanzaje. Na maswali ni yaleyale: natumia programu gani? Ndani kuna pesa? Mbona nimefika mahali penyewe na sioni kitu? Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, basi haya hapa yote pamoja.

Pesa hakuna. Tuanzie hapo ili anayetaka kuondoka aondoke mapema.

Mchezo wenyewe unaitwa jiokeshi, kwa Kiingereza geocaching. Mtu anaficha kasha, anapima mahali hapo kwa GPS, anaweka namba mtandaoni, na wengine wanakwenda kulitafuta na kuandika jina. Ulianza Mei 2000. Tarehe 2 mwezi huo Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon. Miongoni mwa vitu alivyotia ndani kulikuwa na kopo la maharagwe. Siku hizi chakula hakiruhusiwi kwenye kasha, maana wanyama wananusa na kupasua kila kitu. Nadharia imeishia hapo.

Nitatumia vilima vya Ngong kama mfano kwa sababu ndivyo miguu yangu inavyovijua. Sitakutajia kasha lolote kwa jina: makasha huja na kuondoka, na kukuonyesha lilipo ni kukunyang'anya mchezo. Ukiwa na kilima kingine karibu na kwenu, hatua ni hizihizi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

Simu yenye GPS inatosha. Usidanganywe kwamba lazima ununue kifaa cha pekee. Weka programu rasmi ya Geocaching au ile ya bure iitwayo c:geo (hii ni ya Android), kisha ufungue akaunti kwenye Geocaching.com. Akaunti ya bure inatosha kuanzia, ingawa programu rasmi humfichia mwanachama wa bure baadhi ya makasha. Ukiona ramani imekauka, ingia kwenye tovuti yenyewe utazame tena.

Pawabenki, iliyojaa. Kutafuta kasha hula betri kuliko unavyodhani, kwa sababu skrini inawaka muda wote na GPS inafanya kazi.

Kalamu. Narudia: kalamu, na ya pili ya akiba. Kikopo kidogo hakina nafasi ya kalamu, na kikubwa mara nyingi kina kalamu iliyokauka. Mara yangu ya kwanza niliandika jina kwa jani nililolisaga kidoleni, na sidhani kama kuna aliyeweza kulisoma.

Kibanio cha nyusi, kwa sababu kuna makasha madogo kama ncha ya kidole na karatasi ya ndani imekunjwa hadi haitoki kwa kucha. Glavu za bustani. Maji lita mbili kwa kila mtu. Kofia yenye kamba, maana upepo wa Ngong hauombi ruhusa. Vile vinu vya kufua umeme havikuwekwa pale kwa ajili ya picha. Koti la upepo hata kama Nairobi kuna jua, kwani kilele kirefu kinafika mita 2,460. Viatu vyenye meno. Raba laini za mjini zitakuangusha kwenye mteremko wa pili.

Na mtu wa kwenda naye. Usiende peke yako.

Hatua kwa hatua

1. Chagua kasha ukiwa bado nyumbani. Kila kasha lina alama mbili, kuanzia 1 hadi 5: ya kwanza ni ugumu wa kulitafuta, ya pili ni ugumu wa njia. Anayeanza asipite 2 kwenye ile ya kwanza. Ya njia inaweza kufika 3 kama mapafu yako ni mazima. Tazama pia ukubwa. Kasha la ukubwa wa kontena ya chakula cha mchana ni rahisi kuliona kuliko la ukubwa wa kifuniko cha kalamu. Chagua aina ya kawaida, ile ambayo namba zinakupeleka moja kwa moja kwenye kasha. Za mafumbo na za vituo vingi ziache kwanza.

   Halafu soma walichoandika waliotangulia. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kama watu watatu wa mwisho wote wameandika kwamba hawakulipata, na aliyelipata mara ya mwisho ni mwaka juzi, kasha hilo pengine halipo. Usipande kilima kizima kwenda kuthibitisha.

2. Andika majiranukta sawasawa. Majiranukta ni zile namba za mahali, na ndizo zinazopoteza watu wengi kuliko mvua na ukungu kwa pamoja. Mchezo huu huandika nyuzi, kisha dakika zenye desimali tatu. Mfano, nimeutunga: S 01° 24.150 E 036° 38.420. Inasomwa nyuzi 1, dakika 24.150 kusini, nyuzi 36, dakika 38.420 mashariki.

   Anayeanza huichukua ile 24.150, akaisogeza nyuma ya nukta na kuandika kwenye ramani ya simu -1.24150, 36.38420. Ramani haitamkatalia. Itamwonyesha mahali pazuri tu upande wa Suswa, zaidi ya kilomita 30 kutoka anakotaka. Ukitaka kugeuza kuwa nyuzi za desimali, gawanya dakika kwa 60: 24.150 inakuwa 0.4025, kwa hiyo unaandika -1.4025. Bora zaidi, usigeuze. Fungua kasha ndani ya programu na ubonyeze kitufe cha kuelekea huko.

   Kosa la pili ni letu sisi tunaokaa karibu na ikweta: S na N. Huko Ulaya hakuna wa kuyachanganya. Kwetu yote mawili yamo ndani ya nchi moja, na herufi moja ikikuponyoka, kasha la Ngong linahamia kaskazini ya Maralal, zaidi ya kilomita 300.

   Na kujua tu: tarakimu ya mwisho kabisa ni kama mita 1.85. Ukikosea hiyo moja si neno. Ukikosea ya kwanza baada ya nukta, umekosea karibu mita 185, na kule kwenye mabonde mita 185 ni nusu saa.

3. Soma maelezo yote, kisha pakua. Mwenye kasha huandika pa kuegesha gari, njia ya kufuata, na kidokezo. Kidokezo kimevurugwa herufi ili usikisome kwa bahati mbaya. Bonyeza nacho kinafunguka. Hifadhi ukurasa huo pamoja na ramani ya eneo ndani ya simu, maana mtandao huko juu huenda na kurudi. GPS yenyewe haihitaji data, inasikiliza setilaiti. Ni ramani inayohitaji data. Ukiwa hukuipakua, utaona nukta ya bluu ikielea juu ya karatasi tupu.

4. Panga siku. Epuka Aprili na Mei kama huna hamu ya kuteleza, na Novemba vilevile. Julai ni kavu lakini ukungu wa asubuhi unaweza kukuficha hata mwenzako aliye hatua kumi mbele. Lenga kuanza kupanda saa moja na nusu au saa mbili asubuhi, ili ukikawia bado una mchana. Mwachie mtu wa nyumbani ujumbe: tunaenda wapi, tutarudi saa ngapi.

5. Fika getini. Kutoka mjini Nairobi panda matatu ya 111 hadi Ngong, halafu bodaboda hadi lango la msitu karibu na vinu vya upepo. Eneo liko chini ya Huduma ya Misitu Kenya, KFS, na kuna kiingilio. Lipa, chukua risiti, uliza habari za njia siku hiyo. Walinzi wao huweza kuwasindikiza kwa malipo, na kwa kikundi kidogo mimi nashauri mkubali. Mlinzi anajua wapi nyati walionekana wiki hii. Mshale wa simu haujui.

6. Panda kwa njia, usifuate mshale. Simu itakuambia kasha liko mita 900, na mshale utaelekea sawasawa kwenye genge. Mshale unapima kama kunguru anavyoruka. Njia ya Ngong inapanda na kushuka, kilima baada ya kilima, kuelekea Kona Baridi, na mita 900 za kunguru zinaweza kuwa kilomita mbili za miguu yako.

   Nilijifunza hili kwa magoti. Mara moja mshale ulionyesha mita 180 kushoto, chini ya mteremko wa majani marefu. Nikashuka. Kulikuwa na korongo ambalo halionekani kutoka juu, kisha miiba, kisha korongo jingine. Nilitumia saa moja na nusu. Nilipofika, nikakuta njia kuu imezunguka na kupita hatua nne kutoka kwenye kasha. Watoto wa shule walikuwa wanapita wakinitazama nikitoka kichakani na majani kichwani.

   Kwa hiyo, baki njiani. Angalia umbali unavyopungua. Ukianza kuongezeka, ndipo umepita. Rudi nyuma taratibu mpaka uone namba ndogo kabisa, kisha tafuta kijia cha pembeni. Makasha mengi ya vilimani yamefichwa karibu na mahali pa kupumzikia au penye mandhari, kwa sababu aliyeyaficha naye alikuwa amechoka.

   Huku ukipanda, weka simu mfukoni. Upande mmoja una Bonde la Ufa limelala chini yako, upande mwingine Nairobi nzima. Kutembea ukitazama skrini kwenye ukingo ule ni ujinga wa aina mbili.

7. Ukibakiza mita 30, punguza mwendo. Ukibakiza mita 10, achana na simu. GPS ya simu hukosea mita tatu hadi kumi hata siku nzuri, na ya aliyeficha nayo ilikosea kidogo. Makosa hayo mawili yakijumlika, mshale utakuzungusha kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Simama, subiri nusu dakika namba zitulie. Mshale ukiendelea kuhangaika, zungusha simu hewani kama unachora 8 ili dira ijisahihishe, na uondoe kava yenye sumaku. Kisha weka alama ya mahali hapo, mkoba au fimbo, na uanze kutafuta kwa macho kuzunguka alama hiyo. Kuanzia hapa kazi ni ya kichwa chako.

8. Tafuta kama aliyeficha. Jiulize: ningekuwa mimi, ningelitia wapi lisiloweshwe na mvua wala kuonwa na mpita njia? Kisha tazama kilichokaa visivyo. Mawe matatu yaliyopangwa kama vyungu dukani. Gome la mti lililoegeshwa. Rundo la vijiti vya urefu mmoja. Nguzo ya ua yenye tundu. Mawe ya kilimani hayajipangi, na hilo pekee limenipatia zaidi ya nusu ya makasha yangu. Tazama pia juu. Anayeanza huchungulia chini tu, na kasha linaning'inia kwenye tawi usawa wa uso wake.

   Onyo ambalo silifanyii mzaha: usitie mkono mahali ambapo macho hayajatangulia. Kifutu hulala chini ya mawe na hakimbii kama nyoka wengine, anakaa. Gonga kwa fimbo, geuza jiwe likielekea kwako ili liwe ngao kati yako na kilicho chini yake, tumia tochi ya simu kwenye mashimo. Angalia siafu kabla hujapiga magoti. Na upupu hauhitaji maelezo.

   Usichimbe. Sheria za mchezo zinakataza kufukia kasha bila ruhusa ya wenye eneo, kwa hiyo ukijikuta unachimba, uko mahali pasipo. Usibomoe wala kung'oa. Kila jiwe ulilogeuza lirudishe.

9. Fungua kwa siri, andika, badilisha. Tazama huku na huku kwanza. Asiyejua mchezo akiona unachomoa kopo kwenye shimo, kesho atakuja kulichukua, si kwa ubaya, ila kontena yenye kifuniko kizima ni mali. Andika jina lako la mchezoni na tarehe kwenye kijidaftari. Hii ndiyo saini inayohesabika.

   Ukikuta vijitu ndani, shanga, sarafu za nje, gari la kuchezea, unaweza kuchukua kimoja mradi uache chenye thamani sawa au zaidi. Usiache chakula, dawa, kiberiti wala kisu. Ukikuta kibati chenye namba ya siri, hicho ni msafiri: kimetumwa na mwenyewe kizunguke kutoka kasha hadi kasha. Kichukue tu kama utakipeleka kwenye kasha jingine. Kukitundika kwenye funguo za nyumba ni wizi, hata kama kinapendeza.

10. Rudisha kasha lilivyokuwa. Karatasi ndani ya mfuko wake, hewa itolewe, kifuniko kifungwe mpaka kilie. Kisha mahali palepale, na mawe yaleyale juu. Usilihamishie "mahali pazuri zaidi". Wewe utaona umelisaidia, na wenzako kumi watapanda bure.

11. Ukifika nyumbani, andika mtandaoni. Umelipata au hukulipata, andika vyote viwili. Wengi wanaona haya kuandika kwamba wameshindwa, na kwa haya zao mwenye kasha hajui kwamba limeibwa. Picha za mandhari weka nyingi upendavyo. Picha ya kasha likiwa mafichoni usiweke.

Mambo yakikwama

*Nimetafuta nusu saa, hakuna.* Fungua kidokezo kama bado hukufungua. Kipo kwa ajili hiyo. Angalia tena namba, hasa kama ulizinakili kwa mkono. Rudi njiani, ukaribie upya kutoka upande mwingine, kwa sababu kinachojificha ukitokea mashariki kinaweza kukutumbulia macho ukitokea magharibi. Baada ya saa moja, acha. Andika hukulipata, kula chakula chako, shuka.

*Kuna mtu ameketi juu yake.* Hutokea sana, kwa sababu jiwe zuri la kufichia ni jiwe zuri la kukalia. Kama ni wapandaji wengine, kaa pembeni kunywa maji, wataondoka. Kama ni mchungaji na ng'ombe wake, msalimie. Yeye ndiye mwenyeji, wewe ndiye unayezungukazunguka jiwe lake na simu mkononi. Mara moja nilimweleza mzee mmoja ukweli wote. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Na ukishalipata, unalirudisha?" Nikasema ndiyo, mzee. Akasogea nusu hatua na kunionyesha kwa rungu. Alikuwa akijua lilipo tangu zamani, na akishangaa watu wazima wanaolijia kutoka mbali.

*Mlinzi ananiuliza ninafanya nini.* Mwambie kweli na umwonyeshe programu. Usijifanye unatafuta funguo.

*Kijidaftari kimelowa, hakiandikiki.* Tia karatasi kavu uliyobeba, saini hapo, acha ile ya zamani ndani, kisha mwarifu mwenye kasha. Kipande cha karatasi na mfuko mdogo wa kufunga havina uzito mkobani.

*Simu imezimika juu kilimani.* Utafutaji wa leo umekwisha. Fuata njia kuu. Ukielekea vinu unarudi getini. Ukiwa umevuka zaidi ya nusu, endelea hadi Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi, upate matatu ya kuelekea Kiserian.

*Ukungu umeshuka.* Kaeni pamoja, msiache njia hata kama simu inasema mita 40. Kasha halina miguu.

*Nimelipata! Sasa nataka kuficha langu.* Ngoja. Tafuta kwanza kama ishirini uone makasha mazuri na mabovu yanavyofanana. Kisha omba ruhusa ya wenye eneo. Kwenye msitu wa serikali ni KFS, na mnong'ono wa mlinzi mmoja si ruhusa. Liwe angalau mita 161 kutoka kasha jingine, na lichukuliwe namba zake mara kadhaa, siku tofauti, upate wastani. Chagua kopo lenye mpira kwenye kifuniko, si ndoo ya ice cream. Na chagua kilima ambacho uko tayari kukipanda tena na tena, kwa sababu masika yakijaza maji kopo lako, anayepanda kulikausha ni wewe.